Faida Kabla ya Ubora: Historia ya Neno "Improve" na Kazi ya Mfasiri

Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na kitenzi cha Kiingereza "improve" hukimbilia "boresha". Kwa matumizi mengi ya leo hakosei. Hata hivyo, historia ya neno hilo yaonyesha kwamba maana yake ya awali haikuwa ubora, bali faida.

Kitenzi hicho kilitokana na "emprouwer" katika Kifaransa cha Wanormani waliotawala Uingereza, yaani kukitumia kitu kwa faida. Shina lake ni "prou", faida. Katika karne ya 16 mwenye ardhi aliye-"improve" shamba aliongeza mapato yake, pengine kwa kuzungushia ua malisho yaliyokuwa ya wanakijiji wote. Mwaka 1649 Walter Blith alikiita kitabu chake cha kilimo "The English Improver". Maana ya jumla ya kufanya kitu kiwe bora ilienea kuanzia karne ya 17. Kwa hiyo, jambo lililokuwa faida kwa mwenye shamba likaanza kusikika kama wema kwa wote, hata kwa mchungaji aliyenyimwa malisho.

Kiswahili kilifuata njia nyingine. "Boresha" limejengwa juu ya "bora", yaani sifa ya kitu. "Endeleza" limetokana na "enda", yaani mwendo. Hakuna kati yake lenye faida katika shina lake.

Tofauti hii ina uzito katika sheria. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, iliyotungwa kwa Kiingereza, yatumia "improvement" kwa maana inayokaribia ile ya kale: kitu cha kudumu kilichotokana na mtaji au nguvu za mwenye kuitumia ardhi, kikaiongezea uwezo au manufaa. Lugha ya ardhi hukiita "maendelezo". Mfasiri akiandika "maboresho", msomaji ataweza kuuliza kama nyumba ya udongo ni bora, ilhali swali linalohusu fidia ni kama mtu ametia jasho lake pale.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini Tanzania. Hivyo basi, mfasiri hana budi kuuliza kwanza: ni faida, ni ubora, au ni mwendo? Na ni kwa nani?