Jumamosi moli na watoto, na habari ya yule mzee wa Vienna

Mtanisamehe kwa kupotea, kazi za darasani zilinibana kweli kweli. Leo sitaki kulalamika juu ya masomo. Nataka tuongee kuhusu moli, yaani yale majengo yenye maduka chungu nzima chini ya paa moja. Nimekuja kugundua kwamba historia yake inanihusu mimi na wanangu kuliko nilivyodhani.

Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: nasoma chuo hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Nina watoto wawili, binti wa miaka 5 na mdogo wake wa miaka 2. Mama yao ana zamu kila Jumamosi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo siku hiyo baba ndiye yaya. Sasa piga picha: nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, chumba chenyewe kidogo, na watoto wakikimbia kidogo tu jirani wa chini anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Utafanyaje? Unawavalisha makoti, kofia, glovu na viatu vya theluji (hiyo peke yake nusu saa), unamfunga mdogo kwenye kigari chake, mnapanda treni mpaka Mall of America.

Kuingia ni bure. Joto lipo, choo kipo, mahali pa kukimbia papo. Katikati kuna uwanja mzima wa michezo wenye bembea za umeme. Jengo lilipofunguliwa Agosti 1992 uwanja huo uliitwa Camp Snoopy, na tangu 2008 unaitwa Nickelodeon Universe. Kuangalia hulipi, kupanda ndiyo unalipa, na hapo ndipo vilio vinapoanza. Mimi mfukoni nina dola chache za wiki nzima.

Basi juzi nilikuwa maktaba, nikajiuliza, hivi nani aliyewaza kitu hiki? Nikakuta jina: Victor Gruen. Na kumbe naye alikuwa mgeni kama mimi!

Gruen alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1903, Myahudi, jina lake la kwanza Viktor Grünbaum. Alikuwa msanifu majengo, na usiku akiigiza vichekesho jukwaani. Mwaka 1938 Wanazi wa Ujerumani walipoichukua Austria, akakimbia. Inasimuliwa kwamba alifika New York na dola 8 tu na Kiingereza hana. Akaanza kubuni sura za maduka, akapata jina.

Kitu kilichomkera Marekani ni magari. Watu walihamia nje ya miji, kila mtu na nyumba yake na gari lake, na mahali pa kukutana hakuna. Yeye alikulia Vienna, mji wa viwanja na migahawa, ambako mtu hutoka kwa miguu, akakaa, akaongea, akarudi nyumbani. Akataka awajengee Wamarekani kitu cha namna hiyo.

Nafasi ikapatikana hapa hapa Minnesota. Kampuni ya duka la Dayton's (hao ndio walioanzisha Target mwaka 1962) ilitaka maduka Edina, pembeni ya Minneapolis. Kwa baridi hii, nani atatembea duka kwa duka nje? Gruen akasema tulifunike lote. Tarehe 8 Oktoba 1956 likafunguliwa Southdale, moli ya kwanza Marekani iliyofungwa kabisa na yenye hali ya hewa ya kutengeneza, kiasi cha nyuzi 24 mwaka mzima. Kulikuwa na maduka 72 na maegesho ya magari zaidi ya 5,000. Katikati akaweka ua wenye miti, mgahawa na tundu kubwa la ndege. Hebu fikiria mama wa Edina mwaka 1956, theluji imejaa mlangoni, anawaleta wanawe kuangalia ndege. Ndiyo mimi huyo wa leo!

Lakini ramani ya Gruen haikuishia kwenye maduka. Alitaka kuzunguka hapo kuwe na nyumba, shule, hospitali, bustani na ziwa, uwe mji kamili. Yaliyojengwa kwa haraka ni yale yenye faida: maduka na maegesho. Wawekezaji wakanakili maduka, wakaacha mengine yote. Halafu kile kitendo cha mtu kuingia na shida moja akachanganywa na mataa, akasahau alichofuata na kuanza kununua hovyo, wataalamu wakakipa jina la Gruen mwenyewe, wakati yeye hakukitaka. Mwaka 1968 akarudi Vienna. Mwaka 1976 huko huko, kusini ya mji wake, ikafunguliwa moli kubwa, Shopping City Süd. Kabla ya kufa 1980 alishatamka wazi kwamba watoto hao si wake.

Na kweli, moli si uwanja wa mji, ina mwenyewe. Mwaka 1996 Mall of America waliweka sharti kwamba jioni za Ijumaa na Jumamosi aliye chini ya miaka 16 lazima awe na mtu mzima. Sisemi ni vibaya, ila kiwanja cha mtaani kwetu Morogoro hakikuwa na mtu wa kukuuliza umri.

Sasa kilichonifanya niandike. Jumamosi iliyopita binti yangu ananiambia, "Baba, leo twende nje." Nikafurahi. Nikamuuliza, nje wapi mama? Akajibu, "Kule kwenye ngazi zinazotembea." Jamani, niliishiwa maneno. Kwa mwanangu "nje" ni ndani ya moli! Mimi umri wake nje ilikuwa mwembe, vumbi, na bibi anaita kwa sauti jua likizama.

Siku hiyo tulianza na kilima cha theluji karibu na chuo. Tuliteleza dakika 15, mdogo akalia vidole vinauma, tukakimbilia treni. Na mlango wa moli ulipofunguka lile joto likatupiga usoni, nikamshukuru mzee Gruen kimoyomoyo. Sikununua kitu ila juisi moja, tukagawana watatu.

Kwa hiyo siwezi kuilaani moli, inatusitiri. Ila ikifika mwezi wa tano tutakuwa ziwani kila Jumamosi, nimeapa. Nyie wenye watoto ughaibuni, wa kwenu wakisema "nje" wanamaanisha wapi? Wikiendi njema.