Kumbukumbu ya Wanafunzi na Watumishi wa Seminari ya Sanu, Mbulu
Seminari ya Sanu ni seminari ndogo, yaani sekondari ya bweni inayowalea wavulana wanaotafakari wito wa upadri, nayo ni mali ya Jimbo Katoliki la Mbulu, ambalo lilianza mwaka 1943 kama eneo la kimisionari chini ya Wapalotini na likawa jimbo kamili mwaka 1953. Serikali ilipozitwaa shule nyingi za misheni kufuatia Sheria ya Elimu ya 1969, seminari nchini zilibaki mikononi mwa Kanisa. Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu wote, magombera, yaani wakuu wa seminari, hawastahili kukumbukwa peke yao bila wapishi, walinzi na wahitimu walei, ambao kwa kawaida huwa wengi kuliko wanaofikia upadri.