Kwa nini ndege huhesabiwa kabla ya mitambo ya upepo kujengwa

Pengine umewahi kuwaona: watu wawili au watatu wamepanda kilima tangu asubuhi, wana darubini na daftari, na jioni bado wapo palepale. Hawapimi mashamba wala hawatafuti madini. Wanahesabu ndege. Wachungaji huwacheka, lakini yaliyoandikwa katika daftari lile yanaweza kuamua kama mtambo utasimamishwa kwenye kilima hicho, utasogezwe mbali, au mradi mzima utanyimwa leseni.

Nchini Kenya, sheria ya mazingira ya mwaka 1999, EMCA, inasema mradi mkubwa hauwezi kuanza kabla ya kufanyiwa tathmini ya athari zake kwa mazingira na kupewa leseni na mamlaka ya NEMA. Mitambo ya kuzalisha umeme, laini kubwa za umeme, mabwawa na machimbo ni baadhi ya miradi hiyo. Pale penye ndege wengi au ndege adimu, utafiti wa ndege huwa sehemu ya tathmini hiyo. Anayeufanya ni mtaalamu, lakini anayemlipa ni mwenye mradi. Hilo si kosa, ndivyo utaratibu ulivyo, ila ni sababu nzuri ya kuisoma ripoti kwa makini.

Kwa mradi wa upepo, watafiti huchagua sehemu zilizoinuka zinazoonyesha eneo lote. Hukaa hapo kwa saa kadhaa na kuandika kila ndege mkubwa anayepita: ni wa aina gani, alitoka wapi, alielekea wapi, na juu zaidi ya yote, aliruka kwa kimo gani. Ndege anayepita juu sana hana shida. Mwenye hatari ni yule anayepita kwa kimo cha mapanga ya mtambo, kwa sababu ncha za mapanga hayo, ingawa kwa mbali huonekana kuzunguka polepole, zinaweza kwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa.

Saa ya kuhesabu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ndege wadogo huonekana vizuri alfajiri. Tumbusi, yule ndege wa mizoga ambaye wengi humwita tai, husubiri jua lipashe ardhi joto ndipo apande na hewa inayoinuka. Mtafiti aliyeondoka kilimani saa tatu asubuhi ataandika kwamba hakuna tumbusi, na atakuwa amesema kweli kuhusu alichokiona.

Majira nayo ni hivyohivyo. Kuanzia mwezi wa kumi hivi hadi wa nne, Afrika Mashariki hupokea ndege kutoka Ulaya na Asia wanaokimbia baridi ya kwao, wakiwemo korongo na aina kadhaa za tai, na wengi hufuata Bonde la Ufa. Utafiti wa mwezi wa saba hauwezi kuwaona. Ndiyo maana utafiti mzuri huchukua angalau mwaka mzima, kiangazi na masika, na mahali penye tumbusi wengi miaka miwili ni bora zaidi.

Kwa nini tumbusi anatajwa sana? Jozi hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda huchukua miaka kadhaa kabla naye hajaanza kuzaa. Wakifa wachache waliokomaa, pengo halizibiki upesi. Tena tumbusi anapotafuta chakula huinamisha kichwa kuangalia chini, na akiwa hivyo haoni kilicho mbele yake moja kwa moja. Kwa siku moja anaweza kusafiri zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo mtambo unaweza kumuua ndege ambaye kiota chake hakimo kabisa katika eneo la mradi.

Mfano wa karibu ni Kipeto, kaunti ya Kajiado, ambako mitambo 60 huzalisha megawati 100. Eneo hilo lina tumbusi wa aina mbili walio katika hatari kubwa ya kutoweka duniani: tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell. Mitambo ilijengwa, lakini kwa masharti. Waangalizi hutazama anga mchana, na tumbusi akikaribia hutoa taarifa ili mtambo husika usimamishwe hadi apite. Mizoga ya mifugo huondolewa upesi ili isiwavute ndege kuja chini ya mapanga. Kazi hiyo haiwezekani bila wafugaji, maana mwenye kujua ng'ombe amefia wapi ni mchungaji.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili: mitambo si adui pekee wa tumbusi. Nchini Kenya wengi wamekufa kwa sumu iliyotiwa kwenye mzoga kwa kumlenga simba au fisi aliyevamia boma. Mzoga mmoja wenye sumu unaweza kuua tumbusi wengi kwa siku moja.

Wakati mwingine utafiti huonyesha jinsi tunavyojua kidogo. Katika msitu wa Dakatcha, kaunti ya Kilifi, kulikuwa na pendekezo la kutumia maelfu ya hekta kupanda mibono ya mafuta ya dizeli. Wapinzani wa mradi walimtaja mnana wa Clarke, ndege mdogo wa jamii ya wale wanaosuka viota, ambaye duniani kote anapatikana Kilifi peke yake. Mradi huo haukuendelea. Ndege huyo alikuwa ameandikwa na wanasayansi tangu mwaka 1913, lakini viota vyake vilikuja kuonekana mwaka 2013, hapohapo Dakatcha, kwenye kinamasi kinachojaa maji msimu wa mvua. Karne nzima! Mtu angekagua kinamasi hicho wakati wa kiangazi, angeandika kwamba hakina kitu.

Sasa, wewe unaingia wapi? Kanuni za mwaka 2003 zinataka wananchi watakaoguswa waitwe kwenye mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu. Tangazo la mradi linatakiwa kutoka gazetini kwa wiki mbili mfululizo, na redioni angalau mara moja kwa wiki kwa muda huo, kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji. Ripoti ya tathmini ni ya kusomwa na umma, na maoni hupelekwa NEMA kwa maandishi. Ofisi zake zipo kwenye kaunti.

Kwenye baraza, usiulize tu kama ndege walihesabiwa. Uliza walihesabiwa miezi gani, saa ngapi, na kutoka kilima kipi. Uliza kama wazee na wachungaji walihojiwa kuhusu miti yenye viota, magenge wanakolala tumbusi na mabwawa yanayojaa msimu tu. Uliza pia nani atatafuta ndege waliokufa chini ya mitambo baada ya ujenzi, na matokeo yatapelekwa wapi. Kama una kiota unachokijua, kipige picha kwa simu, andika tarehe na mahali, kisha ambatisha na maoni yako.

Leseni ikitolewa na hukuridhika, kuna jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, NET, na rufaa hupelekwa ndani ya siku 60. Mwezi wa sita mwaka 2019 jopo hilo lilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Lamu. Moja ya sababu zake ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.