Askari wa Papa Ziwani Tanganyika

Boti zinazotoka Kalemie kwenda Moba hupita Mpala, ngome iliyojengwa na Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883. Miaka miwili baadaye ikakabidhiwa Mapadri Weupe, na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, akaanza kuota makubwa: ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, ukilindwa na watu wenye sala na bunduki, mfano wa mashujaa watawa wa zamani waliopigana vita vya msalaba.

Ndoto hiyo ilimpata Léopold Joubert. Mfaransa huyu, mzaliwa wa 1842, alikuwa mwanajeshi wa Papa, na alijeruhiwa Castelfidardo mwaka 1860. Alifika Mpala mwaka 1887, akafundisha vijana wa hapo vita, akapambana na wafanyabiashara wa watumwa waliomtii mkubwa wao, Rumaliza. Hali ilikuwa ngumu kiasi kwamba mwishoni mwa 1891 Kapteni Jacques, Mbelgiji, alikuja na msafara kumsaidia, akajenga boma la Albertville. Ndiyo Kalemie ya leo.

Utawa huo wa kivita wenyewe haukufufuka. Ndugu Wenye Silaha wa Sahara, chama alichokianzisha Lavigerie huko Biskra mwaka 1891, kilivunjwa mwaka uliofuata. Joubert naye hakuwa mtawa hata kidogo: mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa huko huko, na wana wao wawili wakawa mapadri.

Joubert hakurudi kuishi Ulaya. Alifariki mwaka 1927, kusini mwa Mpala, upande wa Moba.