Motokaa Ibebwayo

Jumamosi ya tarehe 14 Novemba 1896, katika mji wa Brighton ulio pwani ya kusini ya Uingereza, watu walisimama mvuani kuzilaki motokaa zilizoondoka London asubuhi ya siku ile kwa kuadhimisha sheria mpya, iliyoviruhusu vyombo hivyo kwenda hadi maili 14 kwa saa baada ya miaka mingi ya kanuni iliyomlazimisha mtu kutangulia mbele yake kwa miguu, na hapo awali kutangulia na bendera nyekundu mkononi. Njia ilikuwa tope tupu, na zile zilizojaliwa kufika zilifika zimechafuka hata rangi zake hazijulikani. Katika hizo, husimuliwa mpaka leo, palikuwa na motokaa moja ya umeme ambayo njia ile haikuiona kabisa: ilipakiwa katika behewa la gari la moshi, ikateremshwa karibu na mji, ikapakwa matope ubavuni, kisha ikaendeshwa kwa madaha mpaka mwisho wa safari, ikapokewa kwa shangwe ile ile waliyopokewa nayo wenziwe walioteseka. Kisa hiki huenda kimezidishwa chumvi na wasimulizi, walakini kudumu kwake kunatosha kutujulisha kwamba fedheha ya motokaa kubebwa ina umri sawa na motokaa yenyewe.

Fedheha hiyo haijafutika. Hata sasa, katika Marekani, motokaa ya kale iliyosuguliwa ikang'aa kama kioo, ambayo hupelekwa kwenye maonyesho juu ya trela na kurudishwa juu ya trela pasipo magurudumu yake kukanyaga lami, huitwa kwa dhihaka malkia wa trela. Mimi sioni haki katika dhihaka hiyo. Kuibeba motokaa yenye umri wa miaka sabini au mia, ikafika kama ilivyoondoka, bila kumdhuru aliye mbele wala aliye nyuma yake, ni sanaa yenye taarikh yake na waalimu wake, na aghalabu wanaoicheka ni wale wasiopata kushika mkanda wa kufungia mzigo.

Mwalimu wa kwanza alikuwa Alexander Winton, Mskoti aliyehamia Marekani, ambaye katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, alikuwa akiunda baiskeli kabla ya kugeukia motokaa. Mwaka 1898 aliuza motokaa 22, na biashara hiyo ikamletea shida asiyoitazamia. Wanunuzi wengine walikaa mbali, njia zilikuwa za magari ya farasi, na watu waliojua kuendesha chombo kile walikuwa wachache mno. Tena motokaa ikiendeshwa mamia ya maili ili kumfikia mwenyewe, humfikia imekwisha kuwa kuukuu. Basi karibu na mwaka 1899 Winton akabuni gari fupi la kubebea, ambalo upande wake wa nyuma ulikaa juu ya magurudumu na upande wake wa mbele ukaegemea mgongo wa motokaa nyingine iliyobadilishwa kwa kazi hiyo. Bidhaa ikasukumwa juu kwa mikono, ikafungwa, ikaenda zake. Kwa hiyo trela ya motokaa haikuzaliwa kwa ajili ya vikongwe. Ilizaliwa kwa ajili ya kumhifadhi mwari asichafuke kabla ya kufika kwa mumewe.

Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1914, katika mji wa Detroit, mfanyabiashara wa mbao aitwaye Sibley alimwendea mhunzi na muunda magari ya farasi, August Fruehauf, akamtaka amtengenezee kitu cha kuchukulia mashua yake mpaka kaskazini ya Michigan, kikivutwa na motokaa ya Ford. Fruehauf akaunda gari la magurudumu mawili na kulitia mti mmoja mrefu, ambao ndio uliokuwa mkono wa kuvutia na ndio uliokuwa breki. Jambo hili lataka kutazamwa vizuri, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba taabu ya kuvuta mzigo ni kuuvuta, ilhali kuvuta ni kazi ya nguvu tu, na nguvu hupatikana. Taabu yenyewe ni kuuzuia. Farasi wa gari huusikia mzigo ukimsukuma mteremkoni, naye hukaza miguu kwa akili yake mwenyewe. Motokaa haina akili hiyo. Mzigo uliokufuata kwa adabu kutwa nzima, ukifika kilimani huweza kutaka kutangulia, na usipokuwa na breki zake wenyewe hutangulia kweli, ukikupitia ubavuni. Kwa sababu hiyo trela za leo zibebazo motokaa huwa na breki zake, ama zifanyazo kazi kwa kule kusukumana kwenyewe, ama za umeme ziongozwazo na dereva. Na huwekwa waya mwembamba wa chuma kati ya trela na gari livutalo, ambao kiungo kikifunguka kwa bahati mbaya, huzikaza breki hizo kabla ya kukatika.

Fruehauf akatajirika kwa trela, na jina lake likaandikwa kwenye malori ya nchi nyingi. Ila aliyewaletea wenye motokaa faraja kubwa zaidi alikuwa mtu wa mji mdogo kuliko Detroit. Mwaka 1916, karibu na Chattanooga, katika jimbo la Tennessee, motokaa ya Ford iliyokuwa mali ya mwalimu aitwaye John Wiley ilitumbukia katika kijito cha Chickamauga ikageuka juu chini. Mwalimu alimwita aliyekuwa mwanafunzi wake, Ernest Holmes, mwenye gereji, naye Holmes akaja na watu wapata sita, kamba na magogo, wakahangaika kwa muda wa saa nane mpaka wakaitoa. Wengine wangalishukuru Mungu, wakaenda kulala. Holmes alikwenda gerejini kwake, akachukua Cadillac ya mwaka 1913, akasimamisha nguzo tatu juu ya mgongo wake, akatundika kapi, akapitisha mnyororo. Uzito ulionyanyuliwa ulitaka kulipindua gari linyanyualo, ndipo alipoongeza miguu ya kando ya kulikazia chini, kwa hekima ile ile ya ndubi za ngalawa, ambazo mvuvi wetu hakungoja motokaa ndipo azijue. Akaisajili hati ya ubunifu wake, akafungua kiwanda, na katika Vita vya Pili vya Dunia mitambo yake ilikuwa ikinyanyua malori ya majeshi ya Marekani na washirika wake. Mji wa Chattanooga leo una makumbusho ya kazi hiyo, yaliyofunguliwa mwaka 1995, na nje yake umejengwa ukuta wenye majina ya wafanyakazi waliofia barabarani wakivuta magari ya watu. Asomaye majina yale hataiita tena kazi hii ya mchezo.

Lakini mtambo wa Holmes ulikuwa ni wa kukokota, na lugha yetu yaijua vyema tofauti ya kukokota na kubeba. Ulinyanyua magurudumu mawili ukayaacha mawili yaburutwe, na kwa motokaa ya bei na umri, jambo hilo lina madhara yaliyojificha. Magari mengi yenye gia za kujibadilisha zenyewe, ambazo ziliingia sokoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930, hupata mafuta ndani ya giaboksi pale tu injini inapozunguka. Yakivutwa injini ikiwa imezimwa na magurudumu yaendeshayo yakiwa chini, vyuma husagana vikavu, na mwenye gari hugundua hasara wiki moja baadaye. Fauka ya hayo, tairi kuukuu na beringi zilizokaa miaka katika banda hazipendi kuamshwa kwa mwendo wa barabara kuu. Ndiyo sababu wenye motokaa za kale walirudi kwenye fikra ya Winton, kuinua magurudumu yote manne juu ya ardhi.

Hapo ndipo kazi ifananapo na kupakia jahazi. Nahodha hawezi kutia shehena popote apendapo, wala hatweki tanga chombo kikiwa kitupu bila farumi. Na trela kadhalika huwa na mahali pake pa uzito. Mafundi wa Marekani husema sehemu 10 hadi 15 katika mia ya uzito wote wa trela na mzigo zilemee kiungo cha mbele, na Waingereza hutosheka na chini ya hapo, lakini wote wamekubaliana kwamba uzito ukirudi nyuma ya magurudumu ya trela, mkia huanza kukiongoza kichwa. Kuyumba kwake huanza kidogo, kama mtu atikisaye mguu kwa kuchoka kungoja, kisha kila yumbo huwa kubwa kuliko lililotangulia, na dereva mwenye papara akikanyaga breki ya gari lake ndipo anapojimaliza. Dawa yake ni kuondoa mguu kwenye mafuta, kuushika usukani umenyooka, na kama breki za trela zaweza kukazwa peke yake, kuzikaza hizo tu. Motokaa yenye injini mbele, kama zilivyo nyingi, huvutwa mbele mpaka trela ikae sawasawa. Lakini Volkswagen ya kale, yenye injini matakoni, aghalabu hupakiwa kinyumenyume, na mpita njia asiyejua hucheka kuona gari linasafiri likitazama litokako.

Tumtazame fundi ajuaye kazi yake. Motokaa imekwisha kupandishwa kwa winchi, taratibu, mtu mmoja akiwa kando na si nyuma, maana waya ukikatika hauchagui wa kumpiga. Imekazwa breki ya mkono, imetiwa gia. Fundi analala chali chini yake na mkanda mkononi. Haufungi kwenye bampa, ambayo katika motokaa nyingi za zamani ni pambo tu. Wala hakimbilii fremu, kwa kuwa fremu imekaa juu ya springi, na springi zikibonyea barabarani mkanda utalegea, kisha utakazika ghafula kwa mshtuko. Anaupeleka kwenye ekseli. Hata hapo, kabla ya kuuzungusha, anapapasa kwa vidole nyuma ya chuma kile, mahali macho yasipofika, akitafuta kibomba chembamba cha mafuta ya breki au fimbo ya breki, kwa hofu ya kukiponda. Akishafunga pembe nne, za nyuma akipishanisha mikanda, anaisukuma motokaa kwa bega lake kama ajaribuye mlango. Ataendesha maili kumi, atasimama kando ya njia, na kukaza tena, kwani mikanda mipya hunyooka na tairi hukaa. Msafiri aonaye taabu kusimama hapo ndiye nisiyetaka kumfuata nyuma.

Wapo waliotaka kubeba kwa kasi pia. Mwaka 1955 Mercedes-Benz ilikuwa na lori la buluu, lenye injini ya gari la michezo, lililobeba motokaa moja ya mashindano mgongoni na kwenda takriban kilomita 170 kwa saa. Lilivunjwa mwaka 1967, na baadaye wenyewe wakajuta wakaunda jingine la kuiga.

Kwetu Afrika Mashariki mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu mwaka 2003 yapo mashindano mengine ya motokaa za kale zenye kufuata njia zile zile za mavumbi. Chombo kilichokuja kwa meli ili kwenda kuvunjwavunjwa na makorongo, halafu kikarudishwa kwao kimefungwa vizuri, sijapata kusikia mtu akikiita malkia.

Hata hivyo waamuzi wa fahari wameisikia ile lawama. Maonyesho ya motokaa ya Pebble Beach katika California, yaliyoanza mwaka 1950, yaliongezewa mwaka 1998 safari ya barabarani siku chache kabla ya hukumu, na motokaa mbili zikilingana alama, hupewa ushindi ile iliyoimaliza safari hiyo kwa magurudumu yake.

Mwendo wa London hadi Brighton ulifufuliwa mwaka 1927, na huruhusiwa kuingia motokaa zilizoundwa kabla ya mwaka 1905 tu. Hukutana Hyde Park alfajiri ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, baada ya nyingi kuletwa London juu ya trela. Huendeshwa mpaka baharini, mvua isinyeshe au inyeshe. Kisha wenyewe huzipandisha tena, huzikaza pembe nne, na kurejea makwao zikivutwa. Hakuna apakaye matope.