Nadharia Tete Inayokubali Kushindwa

Wapo wanaoshikilia kwamba mtafiti mwaminifu huenda uwandani bila wazo lolote kichwani, akusanye data kwanza, ndipo data zenyewe zimwambie ukweli. Msimamo huo una nia njema, lakini historia ya utafiti wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, katika eneo letu haiuungi mkono.

Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari wa Oxford aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa jamii mbalimbali za Afrika Mashariki. Alikuta jeni ya selimundu imeenea sana pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, huku kwenye nyanda za juu ikiwa haba. Jambo hilo lilitatiza. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili kwa kawaida alikufa mapema, kwa hiyo ilitarajiwa ipungue kizazi baada ya kizazi. Mbona ilidumu?

Data peke yake hazikujibu. Mwaka 1946 daktari E. A. Beet alikuwa amekwisha kuandika kwamba, huko ambako leo ni Zambia, wenye selimundu walionekana na vimelea vya malaria kwa uchache kuliko wenzao. Allison alitoa dai lenye makali zaidi: aliyerithi jeni kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria, na kinga hiyo ndiyo inayoidumisha jeni.

Uzito wa dai hilo umo katika yale linayoyakataza. Kama ni kweli, jeni haiwezi kuenea pasipo malaria, hata kwa watu wenye lugha na asili moja. Na watoto walioirithi kwa mzazi mmoja hawawezi kuwa na vimelea sawa na wenzao. Allison alipima watoto 290 nchini Uganda. Kati ya 43 wenye jeni, 12 walikuwa na vimelea. Kati ya 247 wasio nayo, 113. Aliwaambukiza pia malaria watu wazima 30 waliojitolea: wasio na jeni walipata vimelea 14 kati ya 15, wenye jeni wawili tu kati ya 15. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954.

Mwaka uliofuata, jaribio la kuambukiza lililofanywa Marekani halikuonyesha tofauti hiyo. Katika kujiweka wazi kupingwa namna hii ndipo tasnifu zetu nyingi zinapopwaya: zinadai tu kwamba "kuna uhusiano" kati ya jambo hili na lile, dai ambalo karibu tokeo lolote linaweza kulitosheleza, kisha sura ya tano inatangaza kwamba limethibitishwa. Dai la Allison lingeweza kuumizwa, na kwa sababu hiyo liliweza kurekebishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kutoka Kilifi nchini Kenya ulionyesha kwamba jeni hiyo hupunguza malaria ya kawaida kwa takriban asilimia 50, lakini malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kumbe kinga kubwa haiko katika kuzuia vimelea visiingie mwilini, bali katika kuvizuia visiue. Namna chembe nyekundu ya damu inavyolifanikisha hilo bado inabishaniwa, na kila maelezo yanayopendekezwa yanapaswa kutoa utabiri wake.