Ratiba ya Muziki na Mtu wa Mwisho

Ndugu Mhariri ameniomba kwa mara ya tatu niandike neno katika jarida letu, na safari hii sina udhuru. Wengi wenu mnanikumbuka kwa sababu ya hesabu. Wachache mnanikumbuka kama kiranja wa bendi ya shule, yule aliyekuwa akibandika ratiba ya mazoezi kwenye mlango wa stoo. Ni hiyo ratiba ninayotaka kuizungumzia.

Katika mkutano wetu uliopita mwenzetu mmoja, aliyekuwa Kidato cha Kwanza sisi tulipokuwa cha Nne, alinishika mkono mbele ya watu akasema: "Kaka, mimi uliniandika Jumamosi saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima." Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini usiku ule usingizi ulikawia.

Maana alisema kweli. Tulikuwa na tarumbeta nne na wavulana kumi na mmoja wa kuzipiga. Waliokwisha kujua niliwapa saa nzuri, ili bendi isituaibishe siku ya Saba Saba. Vidato vya chini niliviandika kwa penseli, nipate kufuta upesi. Na Jumamosi saa kumi na mbili, kama mnavyokumbuka, kengele ya chakula inalia na stoo imekwisha kufungwa. Mwenzetu alikuwa na saa yake kwenye karatasi, lakini tarumbeta hakuwa nayo. Hakujifunza kamwe.

Sasa nimestaafu, na jirani zangu wenye shule ndogo ya muziki wameniomba niwapangie ratiba ya walimu na masomo. Walidhani kwa mwalimu wa hesabu kazi hiyo ni mchezo. Nami nilidhani hivyo. Darasa la hesabu ni mwalimu mmoja, chumba kimoja, watoto arobaini. Katika muziki ni mwalimu mmoja, mtoto mmoja, chombo kimoja, na kelele zinazopenya ukuta kwenda kwa jirani. Nilipokwama nikaanza kusoma waliotangulia walifanyaje, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Jina lenyewe la shule hizo, konsavatori, halikutokana na muziki. Katika mji wa Naples, nchini Italia, lilikuwa jina la nyumba za kuwahifadhi yatima. Ya kwanza kati ya nne mashuhuri, Santa Maria di Loreto, ilianza mwaka 1537. Watoto wale walifundishwa kuimba na kupiga vyombo, na kadiri miaka ilivyokwenda muziki ukawa ndio kazi kubwa ya nyumba.

Mwezi Oktoba 1770 Mwingereza mmoja, Charles Burney, aliyekuwa akizunguka Ulaya kukusanya habari za muziki, aliingia katika mojawapo ya nyumba hizo, Sant'Onofrio. Aliyoyaona aliyachapisha mwaka uliofuata. Kwenye ngazi za kwanza alimkuta mvulana akipuliza tarumbeta mpaka karibu apasuke. Ngazi za pili, mwingine na baragumu. Katika chumba kikubwa mlikuwa na vinanda saba au vinane, fidla zaidi ya hizo, na waimbaji, wote kwa wakati mmoja, kila mtu na wimbo wake. Wengine walikuwa wakiandika masomo yao humo humo. Chumba hicho ndicho kilikuwa bweni pia, na vitanda ndivyo vilivyokuwa viti vya wapiga vinanda. Kati ya wavulana thelathini au arobaini aliona wawili tu waliokuwa wakipiga kitu kimoja. Na hiyo ilikuwa siku za likizo, wengi hawakuwapo!

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Lakini tazameni kwa jicho la mpanga ratiba: mpango ulikuwapo. Selo zilikuwa na chumba chao, filimbi na vyombo vingine vya kupuliza chumba cha tatu, na tarumbeta, ambazo hakuna awezaye kukaa nazo, zilipelekwa ngazini au juu ya paa. Wakati wa baridi watoto waliamka saa mbili kabla ya mapambazuko, wakafanya mazoezi mpaka saa mbili usiku, wakipumzika saa moja na nusu tu kwa chakula. Wavulana 16 waliohasiwa ili sauti zao zisivunjike walilala ghorofa ya juu, kwenye vyumba vyenye joto zaidi, wasije wakapata mafua yakawaharibia sauti. Vyumba vizuri walipewa wale ambao nyumba iliwategemea kwa sauti zao. Nilikumbuka Saba Saba yangu.

Walimu je? Walikuwa wachache sana. Kilichoiendesha nyumba ni desturi kwamba wanafunzi wakubwa waliwafundisha wadogo. Waliitwa mastricelli, yaani walimu wadogo. Bwana mkubwa alifundisha wachache, nao wakashusha somo chini. Huko Venice, nyumba ya Pietà, iliyolea wasichana, ilikuwa na utaratibu kama huo. Hapo ndipo Antonio Vivaldi alipoajiriwa kufundisha fidla mwaka 1703, kwa dukati 60 kwa mwaka. Wakuu wa nyumba walipiga kura kila mwaka kama aendelee au asiendelee. Mwaka 1709 kura hazikutosha akaondoka, na mwaka 1711 wakamrudisha. Walimu wenzangu mnaolalamikia mikataba, mna mwenzenu.

Wafaransa walijaribu kutoka katika taabu hiyo kwa nguvu ya serikali. Sheria ya mwaka 1795 iliyoanzisha Konsavatori ya Paris ilipanga walimu 115 na wanafunzi 600, bila ada. Gawanyeni wenyewe: mwalimu mmoja kwa wanafunzi watano na kitu. Mimi ningeipanga ratiba hiyo kabla chai haijapoa. Lakini haikupita miaka kumi fedha zikapunguzwa na walimu wengi wakaondolewa.

Njia iliyonifaa zaidi niliikuta Leipzig, Ujerumani, ambako Felix Mendelssohn na wenzake walifungua konsavatori mwaka 1843. Pale wanafunzi kadhaa waliingia chumbani pamoja kwa somo moja: mmoja anapiga, wengine wanasikiliza na kusubiri zamu. Shule iliitetea njia hiyo waziwazi, kwamba wanafunzi wakiwa pamoja huamshana bidii. Na kwani sisi hatulijui hilo? Katika ngoma zetu anayejua yuko mbele, asiyejua yuko nyuma, na wote wanajifunza saa ile ile. Hakuna aliyeandikiwa saa kumi na mbili.

Basi nirudi kwangu. Piano tunayo moja. Mwalimu wake huja Jumanne na Alhamisi tu, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, maana siku nyingine ana kazi penginepo. Hayo ni masaa sita. Kwa nusu saa kila mtoto, nafasi ni 12, na watoto wanaotaka piano ni 19. Nikafuata Leipzig: watoto watatu kwa saa moja. Wakaingia 18.

Akabaki mmoja, binti wa miaka tisa, aliyejiandikisha mwisho. Mwalimu alisema asubiri muhula ujao. Karatasi ilikuwa mbele yangu na penseli mkononi, na nafsi yangu ikaniambia, mwandike Jumamosi jioni, mama yake ataridhika. Sikumwandika. Nilimwendea mwanafunzi wetu mkubwa kuliko wote, kijana wa Kidato cha Tatu, nikamwomba amfundishe kila Ijumaa saa tisa na nusu, kama mastricelli wa Naples, na mwalimu amsikilize binti huyo mara moja kwa mwezi. Mwalimu alinuna. Mama wa mtoto akaniuliza, na ana haki yake, kwa nini alipe ada ili mwanawe afundishwe na mtoto mwenziwe. Tulikubaliana alipe nusu. Ijumaa tatu zimepita. Mkono wa kulia unakwenda vizuri, wa kushoto bado mzito.

Muhula ujao wameomba wengine wanane, na Leipzig yangu itakuwa imejaa. Kama yuko mwenzetu mwenye piano nyumbani isiyopigwa, hata kama funguo chache hazilii, tafadhali amwarifu Mhariri. Usafiri ni juu yetu. Na yule ndugu yetu wa tarumbeta, ambaye najua atasoma haya: Jumatano saa kumi chumba ni tupu, na mlango haufungwi.